Sikio Kwanza, Roketi Baadaye

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi mlioacha shughuli za Jumamosi, na nyinyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango ili mpate kutoroka mapema: hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie setilaiti ndogo za redio ya ridhaa, zile zinazoundwa na vyuo na vyama kwa ajili ya kufundishia. Barua ya mwaliko ilikuwa na swali moja limepigiwa mstari: shule zetu zitarusha lini setilaiti yao? Ni swali zuri, lakini silo linaloninyima usingizi. Linaloninyima usingizi ni zile ambazo tayari ziko juu. Zinapita juu ya mabati yetu kila siku, zinatangaza kwa sauti ya wazi, hazidai hata senti. Nani kati yetu anazisikiliza?

Mnivumilie nianzie nyumbani kwangu. Kabla sijawa mwalimu wa fizikia nilikuwa fundi wa redio Luthuli Avenue, kwenye kichochoro chenye upana wa meza moja. Aliyenifundisha kazi alikuwa na sharti: redio ikiletwa, usiguse bisibisi kabla hujaisikiliza. Ikivuma mvumo mzito usiokoma, kuna kapasita iliyokufa kwenye sehemu ya umeme. Ikikwaruza unapozungusha kitufe cha sauti, ni vumbi tu, na mteja asilipishwe kama aliyebadilishiwa moyo. Wazee wanasema sikio halipiti kichwa. Pale kichochoroni lilikuwa linakipita kila siku, na mpaka leo sijaona kazi ya redio ambayo sikio halitangulii.

Hili neno "ridhaa" nalo linawachanganya watu. Ni ridhaa kama ya mpira wa mtaani: unacheza kwa mapenzi, hulipwi, ila sheria za mchezo ni zilezile. Anayetaka kurusha sauti hewani anachukua leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano, anapewa jina la kujitambulisha, ambalo kwa Kenya kwa kawaida huanza na 5Z4, halafu anafungwa na masharti mawili makubwa. Hafanyi biashara hewani, na hafichi anachosema. Hilo la pili ndilo lililozaa mambo yote ninayotaka kuwaambia leo. Setilaiti inayotumia masafa ya ridhaa inatakiwa ieleweke na yeyote. Aliyeiunda anatangaza masafa yake na jinsi ya kufungua ujumbe wake. Setilaiti ya benki au ya jeshi haiwezi kuwa kitabu cha kiada hata ikitaka, kwa sababu imefunikwa. Hizi zimeachwa kurasa wazi kwa mujibu wa kanuni.

Ya kwanza ilirushwa tarehe 12 Desemba 1961. Wakenya mnaijua tarehe hiyo. Miaka miwili kamili baadaye bendera yetu ilipanda. Roketi ya Marekani ilikuwa imebeba mzigo wa kijasusi, na kama desturi ilihitaji vipande vya chuma vya kusawazisha uzito. Kikundi cha wanaredio wa California kikaomba: badala ya kipande kimoja cha chuma, tuwekeeni kisanduku chetu. Wakakubaliwa. Kisanduku kiliitwa OSCAR 1, kilo nne na nusu hivi, hakina sola, kina betri tu, na kilichokuwa kikisema ni nukta nne, kisha nukta mbili. Kwa msimbo wa Morse hiyo ni HI, ambayo kwa watu wa redio ni kicheko.

Ndani ya kicheko hicho walificha kipimajoto. Kasi ya nukta ilibadilika kadiri joto la ndani ya kisanduku lilivyobadilika. Mtu aliyekuwa na redio nzuri, saa ya mkononi na penseli aliweza kuhesabu vicheko kwa dakika na kujua hali ya joto ya kitu kilichokuwa mamia ya kilomita juu ya kichwa chake. Watu zaidi ya 570 katika nchi 28 walituma ripoti zao. Betri zikaisha baada ya wiki tatu hivi, na mwisho wa Januari 1962 kisanduku kikaungua kiliporudi angani mwa dunia. Walimu, hebu fikirini somo hilo limegharimu nini upande wa msikilizaji: masikio na saa.

Niongeze kidogo, halafu niache. Tarehe hiyohiyo ya 12 Desemba, mwaka 1901, Marconi, mmoja wa waanzilishi wa redio, kwa maelezo yake alisikia herufi S ikivuka bahari ya Atlantiki, nukta tatu. Na tarehe hiyohiyo mwaka 1970, kutoka jukwaa la baharini la Waitaliano kule Ngomeni karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza nyota kwa eksirei, nayo ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa heshima ya sikukuu yetu. Mimi si mtu wa kuamini nyota. Ila Jamhuri Dei najipa mapumziko mara mbili.

Sasa niwape kisa ambacho ningependa kila mwalimu wa fizikia akijue, kwa sababu hakikuhitaji hata kurusha kitu. Miaka ya sitini, katika shule ya wavulana ya mji mdogo wa Kettering, Uingereza, kulikuwa na mwalimu wa fizikia aitwaye Geoffrey Perry. Yeye, mwalimu mwenzake wa kemia na wanafunzi wao walikuwa wakisikiliza setilaiti za Wasovieti kwa redio za kawaida tu. Hawakujua zinasema nini. Walichokuwa wakiandika ni muda: imeanza kusikika saa ngapi, imepotea saa ngapi, na lini hasa sauti yake imeshuka.

Kuhusu kushuka huko kwa sauti, msihangaike na kanuni kwanza. Simameni kandokando ya Jogoo Road jioni. Matatu inakuja mbio imebonyeza honi bila kuachia. Ikikukaribia mlio ni wa juu, ikikupita unateremka ghafla kama mtu aliyepewa habari mbaya. Dereva hajagusa kitu. Setilaiti hufanya hivyohivyo, kwa kasi ya takriban kilomita saba na nusu kwa sekunde. Hapa hadi Mombasa kwa dakika moja. Pale mlio unapoteremka kwa ghafla zaidi ndipo iko karibu nawe kuliko wakati mwingine wowote wa mapito hayo. Ukijua wakati huo, na wa mapito yanayofuata, unaanza kuijua njia yake.

Machi 1966 vijana wa Kettering wakaona setilaiti moja, Kosmos 112, haifuati njia zilizozoeleka. Mzingo wake, yaani njia yake ya kuizunguka dunia, ulikuwa umeinama kwa namna isiyolingana na kituo cha kurushia ambacho dunia ilikuwa inakijua. Baadaye mwaka huohuo ikaja nyingine. Wakachora njia za zote mbili kwenye ramani, wakazirudisha nyuma hadi muda wa kuruka, na mistari ikakatana kaskazini mwa Urusi, mahali paitwapo Plesetsk. Kulikuwa na kituo cha roketi ambacho Wasovieti hawakuwa wamekitangaza kwa mtu. Kikatangazwa na darasa.

Nashangaa kila ninapokisimulia kisa hiki, kwa sababu kina mkia. Tarehe 30 Juni 2003, roketi moja ilibeba kundi la kwanza la vile visetilaiti vya mchemraba ambavyo leo kila chuo kinataka kimoja. Iliruka kutoka wapi? Plesetsk.

Mchemraba wenyewe ulibuniwa mwaka 1999 na maprofesa wawili wa California, Bob Twiggs wa Stanford na Jordi Puig-Suari wa chuo kikuu cha Cal Poly. Twiggs amesimulia kwamba alikuwa akitafuta kipimo, akakiona dukani: kisanduku cha plastiki cha kuuzia vidoli. Sentimita kumi kila upande. Ukiujaza maji unameza lita moja kamili, na uzito uliowekwa mwanzoni ulikuwa kilo moja, pakiti ya sukari. Waliuita CubeSat. Ubunifu wao haukuwa udogo tu, maana OSCAR 1 nayo ilikuwa ndogo. Ulikuwa kukubaliana juu ya umbo, ili mwenye roketi aandae sanduku moja la kuvitemea, na wewe uliye Tokyo au Koforidua kule Ghana ujue bila kuuliza kwamba chako kitaingia. Kimoja cha kundi lile la 2003, kazi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tokyo, kiliendelea kusikika kwa zaidi ya muongo mmoja.

Sasa muulizane antena yake ni nini. Kitu cha sentimita kumi kinahitaji antena ya sentimita kumi na saba, kama kinatumia masafa ya 437 megahezi, na kama ni masafa ya 145 basi inafika nusu mita. Haiingii. Kwa hiyo wengi wamechukua utepe wa chuma, uleule wa tepu ya kupimia ya seremala, wakaukunja kuzunguka mchemraba na kuufunga kwa uzi wa nailoni. Ikishatemwa na roketi, inasubiri muda uliopangwa, inapasha moto kipande kidogo cha waya, uzi unayeyuka, utepe unafyatuka wenyewe. Setilaiti nzima, pamoja na miaka ya usingizi wa wanafunzi waliokesha, inategemea uzi ule ukatike. Zipo zisizofungua. Zipo zilizoruka vizuri, zikatemwa vizuri, zikanyamaza tangu siku ya kwanza, na waliozijenga wakakaa wiki nzima na vipokezi wakisikiliza upepo. Ndiyo maana nakasirika kidogo ninaposikia mtu akisema "kurusha setilaiti" kama kwamba kurusha ndiko kazi. Jiwe nalo hurushwa.

Nikitaka kumwonyesha mwalimu kwa nini hivi vitu ni vya darasani, namwonyesha FUNcube-1. Ilirushwa tarehe 21 Novemba 2013 kutoka Yasny, Urusi, kwa roketi ileile iliyobeba ZACUBE-1 ya wanafunzi wa Cape Town. FUNcube iliundwa na wanaredio wa Uingereza na Uholanzi kwa ajili ya shule, tena shule ndizo wateja wa kwanza. Mchana, inapoangaziwa na jua, hupiga kwa nguvu ya takriban thuluthi moja ya wati kwenye masafa ya 145.935. Thuluthi ya wati, ndugu zangu. Balbu ya sebuleni kwenu inakula mara ishirini na kitu zaidi. Ikiingia kwenye kivuli cha dunia inajipunguza na kugeuka daraja la kupitishia sauti za wanaredio, kwa sababu wakati huo watoto wa nchi ilikoundwa wamelala na wakubwa wamerudi nyumbani kutoka kazini.

Inachotuma mchana ni hali yake: volti za betri, mkondo wa kila paneli, joto la kila upande. Kuna vipande vya chuma vilivyopakwa rangi tofauti, vingine vyeusi na vingine vinavyong'aa, kupima jinsi vinavyopokea na kupoteza joto. Hilo ni jaribio la kidato ambalo sote tumelifanya kwa makopo mawili ya maji ya moto, na kina mama walilijua kabla yetu, maana sufuria yenye masizi huchemka haraka. Tofauti ni kwamba hapa hakuna hewa, hakuna upepo wa dirishani wa kuharibu matokeo. Mwanafunzi anakaa, anapokea namba kwa dakika kumi, anachora grafu, anaona mstari ukipanda na kushuka jinsi kisanduku kinavyojizungusha juani kama nyama ya kuchoma. Hakuna mwalimu aliyemwambia kwamba kinazunguka. Amekisikia.

Kuna nyingine ambayo huwasimulia wanafunzi pale stima inapopotea. AMSAT-OSCAR 7 ilirushwa tarehe 15 Novemba 1974. Mwaka 1981 betri zake zikaharibika, zikajifunga shoti, ikafa. Ikaandikwa kwenye daftari la marehemu. Tarehe 21 Juni 2002 mwanaredio mmoja wa Uingereza akasikia Morse asiyoitambua vizuri mahali ambapo hapakuwa na mtu. Ilikuwa yenyewe. Inavyoelezwa, betri iliyokuwa imeunganika shoti hatimaye ilikatika ndani, na umeme wa sola ukapata njia ya kufika kwenye mitambo. Tangu hapo inaishi kwa jua peke yake: ikiingia kivulini inazimika, ikitoka inaamka upya haikumbuki kitu. Huyo na kaka yake, OSCAR 6, ndio waliotumiwa miaka ya sabini kuonyesha kwamba setilaiti iliyo chini inaweza kutafuta mahali ilipo redio ya mtu aliye hatarini, kwa mteremko uleule wa honi niliowaambia. Mfumo wa sasa wa kuokoa mabaharia na marubani umepita njia hiyo.

Kwetu je? Nimeitaja Ngomeni. Chuo Kikuu cha Nairobi, kikishirikiana na Sapienza cha Roma, kilipata nafasi kupitia mpango wa Umoja wa Mataifa na Japani wa KiboCUBE, kikaunda mchemraba mmoja ulioitwa 1KUNS-PF. Uliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga tarehe 11 Mei 2018, setilaiti ya kwanza ya Kenya. Ulikuwa na kamera ndogo. Ukazunguka miaka miwili hivi, ukaungua katikati ya 2020 kama inavyotarajiwa kwa vitu vya kimo kile. Aprili 2023 ikafuata Taifa-1, kubwa zaidi, ya kupiga picha za ardhi.

Siku 1KUNS-PF inaachiliwa, mimi nilikuwa mwalimu mwenye redio, mwenye uzoefu, niliyeishi chini ya njia yake. Habari zake nilizisoma gazetini. Wanaredio wa ng'ambo, watu wasiojua hata Nairobi ina mto, waliisikia, wakafungua lugha yake, wakatoa picha zake. Setilaiti ya kwanza ya nchi yangu, masafa yake yametangazwa, nami nilikuwa sina antena juu ya paa kwa sababu niliahirisha kuijenga likizo mbili mfululizo. Hilo sikumlaumu mtu. Ndilo lililonitoa kitandani likizo ya tatu.

Basi niwaeleze tulichojenga, maana nimeona baadhi yenu mnaandika.

Antena ni paipu ya plastiki ya fundi bomba, vipande vitatu vya tepu ya kupimia, na kebo. Kwa masafa ya 145, kipande cha katikati kinakaribia mita moja, cha nyuma kirefu kidogo, cha mbele kifupi kidogo. Kwangueni rangi ya tepu kwa msasa kabla ya kulehemu, la sivyo risasi itadondoka sakafuni kama tone la mvua. Jambo la kuchekesha ni kwamba hiyo ni tepu ileile iliyo kule juu kwenye mchemraba. Fundi wa Gikomba na injinia wa Tokyo wamenunua kitu kimoja.

Kipokezi ni kile kijiti cha USB kilichotengenezwa kwa ajili ya kutazama televisheni kwenye kompyuta. Kufikia mwaka 2012 watu waligundua kwamba kikipewa programu nyingine kinapokea karibu kila kitu kati ya megahezi 24 na 1,700. Bei yake inakaribia ya jozi ya viatu vya shule. Kompyuta yoyote iliyozeeka kwenye maabara yenu inakitosha.

Adui si umaskini. Adui wa kwanza ni kelele. Balbu za LED za bei ya chini, chaja za simu, vibadilishi vya sola, vyote hivi vinapiga mlio kwenye masafa ambayo setilaiti inanong'ona. Tulihangaika majuma mawili tukidhani antena ni mbovu. Jioni moja stima ikapotea mtaa mzima, kompyuta ikabaki kwenye betri yake, na yale mavumbi yote kwenye skrini yakafutika. Katikati yake kukatokea mstari mwembamba unaoinama. Wanafunzi walipiga kelele hadi bawabu akapanda ngazi kuja kuona nani ameanguka. Ni mara yangu ya kwanza maishani kuomba stima isirudi.

Adui wa pili ni saa. Hapa nimeaibika, na nitawaambia ili msiaibike. Programu ikatuambia setilaiti itapita saa 09:12. Nikawaita wanafunzi thelathini waje Jumamosi asubuhi, saa tatu na dakika kumi na mbili, wakaja na sweta zao. Wapi! Tulisubiri mpaka saa nne, jua likawa kali, mmoja mmoja wakaenda zao. Programu ilikuwa inasema kwa saa ya Greenwich. Ongeza tatu upate saa yetu ya Afrika Mashariki, saa 12:12, kisha toa sita upate saa ya Kiswahili: saa sita na dakika kumi na mbili mchana. Yaani ukitaka njia ya mkato, chukua saa ya setilaiti, toa tatu, na hiyo ndiyo saa yako. Ilipita saa sita na dakika kumi na mbili kama ilivyoahidi. Tuliokuwepo ni mimi na bawabu.

Adui wa tatu si adui, ni mahali tulipo. Setilaiti nyingi hizi hupita juu ya ncha za dunia. Mtu aliye kaskazini ya mbali huziona karibu kila zinapozunguka. Sisi wa ikweta tunaziona mara nne hivi kwa siku, mbili upande huu wa saa na mbili upande ule, na kila mapito hayazidi dakika kumi na kitu. Kwa hiyo ratiba ya masomo ndiyo itakayoifuata setilaiti. Naona walimu wakuu wamenuna. Lakini ikweta nayo ina zawadi zake. Indonesia, nchi ya ikweta kama sisi, mwaka 2015 ilirusha setilaiti yake ya LAPAN-A2 yenye daraja la redio ya ridhaa, mzingo wake umeinama digrii sita tu. Haiendi Ulaya. Haiendi Marekani. Inazunguka kiunoni mwa dunia, hivyo inarudi juu ya Nairobi kila baada ya saa moja na robo tatu hivi, kutwa kucha. Na ikiwa juu yetu, setilaiti ya kimo kile inaona Khartoum, Kinshasa na Harare kwa mpigo mmoja.

Zawadi ya pili imekaa juu ya nyumba zenu. Tangu Novemba 2018 kuna setilaiti ya Qatar, Es'hail-2, iliyosimama nyuzi 26 mashariki, haitembei kwa macho yetu, na ndani yake kuna njia ya wanaredio iitwayo QO-100 inayofunika kutoka Brazili hadi Thailand. Dishi za Nairobi hutazama juu kama sahani inayosubiri mvua. Legezeni parafujo, liinamisheni digrii kumi na kitu kuelekea magharibi, na kwa kile kijiti mtasikia watu wakizungumza usiku na mchana. Msiguse dishi la mwenye nyumba siku ya mechi. Kwa kupokea sauti hizo mwanafunzi wa lugha atafaidika kuliko wa fizikia.

Najua pingamizi lililoko midomoni mwenu. Vijana hawataki kusikiliza, wanataka kujenga, wanataka picha yao wakiwa wamevaa joho jeupe kando ya kitu kinachong'aa. Sawa. Nami nataka wajenge. Ila nimekaa na vijana waliojenga mchemraba wa maonyesho, umepakwa rangi ya bendera, na nikawauliza: utasema nini ukiwa juu, kwa masafa gani, na nani atakusikia? Kimya. Halafu nimekaa na kidato cha tatu waliosikiliza muhula mmoja tu. Hao waliniuliza wenyewe kwa nini setilaiti ile huzima ikikaribia usiku, betri yake ina umri gani, kwa nini waliipa wati kidogo hivyo, na kama wangekuwa wao wangekata nini ili kuongeza nini. Hayo ndiyo maswali ya mtu anayejenga. Mmoja alinionyesha daftari lenye mahesabu ya umeme: jua linaingiza wati moja na kitu, redio inakula hiki, kompyuta hiki, kivulini dakika thelathini na tano bila kipato. Yalikuwa kama bajeti ya mama mboga. Nilimwachia hata makosa ya hesabu, atayaona mwenyewe.

Ninachokiomba kwenu ni kidogo. Kila shule iliyowakilishwa hapa iwe na antena moja, kijiti kimoja, daftari moja la ukurasa mkubwa, na mtoto wa zamu. Andikeni tarehe, saa, ilianza kusikika upande gani, ikapotea upande gani, mlio uliteremka lini. Kufikia mwisho wa muhula tulinganishe madaftari ya Embakasi na ya Dagoretti. Kuhusu kurusha sauti, wale watakaotaka tutatafutiana leseni. Kwa kusikiliza tu tunayo kazi ya mwaka mzima.

Nimeangalia saa yangu mara tatu na mmeniona. Si kwamba nimechoka nanyi. Kituo cha kimataifa cha anga, ambacho nacho kina redio ya ridhaa, kinachomoza upande wa milima ya Ngong saa tisa na dakika ishirini na nane, kinapita karibu na utosi, kinazama upande wa Thika. Saa ya Kiswahili, nimeitoa tatu. Tuna dakika sita. Nyinyi wa mlangoni, ambao nilidhani mtatoroka, ndio mtakaobeba antena. Tepu ina makali, ishikeni kwenye paipu. Mtasikia mlio mfupi mfupi kama mafuta yanayokaangwa, kwenye 145.825, asiyesikia asogee mbali na ukuta wa mabati. Na bawabu, tafadhali, tuzimie taa za ukumbi.